Majani Aliyofukia Leokadia

Binti aliyekalia kiti changu katika ofisi ya ustawi wa jamii alinipigia simu wiki mbili baada ya mimi kukabidhi funguo. Hakupiga kunisalimu. Mahakama ilikuwa imemwandikia barua ikimtaka aandae taarifa ya uwezo wa mume katika shauri la talaka, ili hakimu aamue mke aliyeachwa apewe matunzo kiasi gani, na hakujua aanzie wapi. Nikamwambia nitamwandikia. Leo ni siku ya nne nipo na karatasi hizi, na kila nikianza kumweleza utaratibu, mkono unakimbilia kwa mwanamke mmoja. Basi nitaandika vyote, utaratibu na mwanamke huyo, kwa jinsi vilivyofuatana. Habari za vyeo sina, na mshahara, yeye na ninyi wenzake mnaujua, kwa sababu ndio huohuo mnaopokea.

Mimi ni mzaliwa wa Kasanga. Baba yangu aliuza samaki wakavu, migebuka, kwa watu wa Zambia, na kazi nilianzia huko huko ziwani, Kabwe. Siku ya kwanza niliripoti nimevaa viatu vya visigino. Vilizama mchangani mbele ya wanaume waliokuwa wanashona nyavu, wakacheka mpaka nikavivua nikaingia ofisini peku. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja tulichogawana na bwana mifugo, ambaye alipanga chupa za dawa za ng'ombe juu ya majalada yangu ya ndoa. Nilikabidhiwa daftari moja la kaunta, kalamu mbili, na mhuri wenye pedi ya wino iliyokauka, ambayo nilikuwa naitemea mate kabla ya kugonga. Ndoa nyingi za watu wa Kabwe zimefungwa faili kwa mate yangu.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mkubwa wangu wa ofisi. Alikuwa mzee Mussa, karani wa mahakama, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi wa nyavu. Alinikalisha kwenye benchi la mashahidi akanieleza kwamba katika matunzo ya mke aliyeachwa hakimu hutazama mambo manne: mume ana uwezo gani, mke ana mahitaji gani, nani aliivunja ndoa, na mila za watu wa hapo zinasemaje.

"Hayo mawili ya mwisho mwachie hakimu," aliniambia. "Mawili ya kwanza ni kazi ya miguu yako. Usikae ofisini ukamwita mwanaume aje akueleze mali zake, mwanangu. Atakuja amevaa shati la mdogo wake."

Alikuwa mkweli. Nimewaona wenye boti mbili wakija na kandambili zilizoshonwa kwa waya. Lakini ziwani mali haijifichi sana, maana inaanikwa. Nilijifunza kupita ufukweni asubuhi, kuhesabu nyavu, kutazama mashine ya boti ni ya nani, kuuliza karabai zile nane za kuvulia usiku ni za nani. Mume akihamishia nyavu kwa kaka yake, wanaozishona watakwambia. Baada ya miaka michache nilikuwa naweza kuandika uwezo wa mvuvi katika ukurasa mmoja, na mahakimu wakanisifu. Niliipenda sifa ile kuliko ilivyonifaa.

Mahitaji ya mke ndiyo yalinishinda. Mwanamke unamuuliza, unahitaji nini ili uishi? Anakujibu sare za shule, madaftari, dawa ya mtoto wa mwisho. Unamwambia hayo ni ya watoto, yana amri yake, sasa sema yako. Anatazama kitenge chake, anasema sabuni. Mzee Mussa aliniambia niwe nauliza mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza anajibu kama mama, mara ya pili anajibu kama mtu anayeona haya, na ya tatu huenda akajibu mwenyewe. Wengi hawakufika ya tatu. Waliomba sabuni, wakapewa sabuni, na hukumu ikaandikwa kwamba mahakama imezingatia mahitaji yao.

Kisha nikahamishiwa Sumbawanga. Wenzangu wa ziwani mkija huku juu, chukueni sweta kabla ya vyeti. Mwezi wa saba nilikuwa naandika nimevaa soksi mikononi. Watu nao ni tofauti na wetu. Mvuvi ukimuudhi utamsikia saa hiyohiyo, Mfipa wa huku atakusalimu vizuri, atakuuliza habari za nyumbani, na utaondoka bila kujua kama amekasirika. Mimi nilidhani kazi ni ileile. Mume ana uwezo gani, nenda katazame. Nilikuwa na daftari langu na sifa zangu, na sikumwomba mtu yeyote anifundishe upya.

Shauri la Leokadia lilikuja mwaka wangu wa pili huku juu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye nyonga mbovu iliyomfanya atembee akivuta mguu wa kushoto. Mumewe Kosmas alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi katika kijiji kilicho mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki kutoka mjini. Walifunga ndoa kanisani, wakazaa watoto watano, wote walishakuwa watu wazima wenye shida zao. Mwezi wa nne Kosmas alimleta nyumbani mwanamke mwingine kutoka mjini, akamtolea Leokadia vyombo nje. Padri aliwaita akawaambia ndoa haivunjiki. Baraza la usuluhishi likakaa nao mara mbili, likaandika hati kwamba limeshindwa. Kosmas mwenyewe ndiye aliyefungua shauri la talaka, akaipata. Nyumba ilikuwa kwenye ardhi ya ukoo wake, na mashamba vilevile, kwa hiyo katika mgawanyo Leokadia alipata mbuzi wawili, masufuria na jembe lake. Kilichobaki cha kumtegemeza kilikuwa matunzo.

Alikuwa analala katika jiko la mwenzake wa jumuiya ya kanisa, jiko la udongo lenye moshi, na mwenye jiko alikuwa amempa muda mpaka mwanawe aoe. Nilimuuliza mahitaji yake mara tatu, kama nilivyofundishwa. Ya tatu alijibu.

"Nataka chumba cha kupanga, mama. Hata kidogo. Na chakula mpaka nipate pa kulima. Nyonga hii hainiruhusu tena kulima kibarua."

Nikaandika. Kisha nikapanda pikipiki kwenda kutazama uwezo wa Kosmas. Ilikuwa mwezi wa sita. Alinipokea vizuri, akanitolea kigoda, akanipeleka shambani mwenyewe bila kulazimishwa, jambo ambalo lingetosha kunishtua kama ningekuwa na akili. Mahindi aliyokuwa amevuna yalikuwa machache, kihenge kimejaa chini kidogo tu. Baada ya hapo palikuwa na eneo kubwa, kubwa kweli, linateremka mpaka mtoni, limejaa vilima vya udongo vya duara kama nusu ya kimo cha mtu, vimeota magugu yanayokauka. Sikuona zao lolote juu yake.

"Na hapa?" nikamuuliza.

"Hapo hakuna kitu, mama. Pamelala tu."

Nikaandika kwamba sehemu kubwa ya ardhi ya mume haijalimwa, na kwamba uwezo wake ni mdogo. Nikagonga mhuri. Hiyo ndiyo sentensi niliyokaa nayo siku nne hizi nikitafuta namna ya kuiandika.

Siku ya uamuzi hakimu alisoma taarifa yangu kwa sauti. Alikuwa mgeni kama mimi, kijana kutoka mikoa ya pwani, na pembeni yake walikaa wazee wa baraza wawili, kama ilivyokuwa enzi hizo. Mmoja aliitwa mzee Sichalwe, mwenyeji wa kijiji cha jirani na kina Kosmas. Hakimu alipomaliza, alimuuliza Leokadia kama ana la kusema. Akasimama akishikilia mgongo wa benchi.

"Na majani yangu, mheshimiwa?"

"Majani gani, mama?"

"Niliyofukia. Kabla hajanifukuza. Kuanzia mwezi wa pili mpaka Pasaka nilikuwa nafukia majani."

Hakimu akanitazama mimi. Sikujua anasema nini, nikainua mabega. Hakimu akasema kwa upole kwamba mahakama haiwezi kugawa majani. Watu wakacheka. Nami nilicheka kidogo, na mtu akisema sikucheka atakuwa ananionea huruma. Mzee Sichalwe alikuwa anatazama sakafu. Kosmas hakucheka hata kidogo.

Amri ikawa debe moja la mahindi kila mwezi na pesa kidogo ya chumvi na sabuni, mpaka Leokadia aolewe tena au mmoja wao afariki. Chumba hakikutajwa, kwa sababu uwezo wa mume ni mdogo. Niliona ni uamuzi wa wastani, nikaenda kula.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, nilipita kijiji kile kwa shughuli ya mtoto yatima. Pale mtoni palipokuwa na vilima sikuona kilima hata kimoja. Palikuwa na ulezi, umeiva mwekundu, vichwa vimefumba kama ngumi, kuanzia njiani mpaka majini. Kosmas alikuwa na wavunaji kumi na kitu na vihenge viwili vipya. Nyumba ilikuwa imeezekwa bati. Nilisimamisha pikipiki nikabaki natazama, na mzee Sichalwe, aliyekuwa anatoka kwa kinyozi, akanikuta nimesimama hapo.

Nilimwamkia, kisha nikamuuliza ulezi huu umetoka wapi wakati mwaka jana pamelala.

"Haukulala, mama," akasema. "Ilikuwa ntumba."

Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Kwenye uwanda huu, mvua zikielekea kuisha, mkulima anakata majani, anayapanga duara, anayafukia kwa udongo wa pembeni kwa jembe la mkono mpaka inakuwa tuta. Juu anaweza kupanda maharage kidogo. Majani yanaozea ndani kiangazi chote. Mvua za mwaka wa pili zikija, matuta yanasambazwa na ulezi unamwagwa juu ya ule udongo ulioshiba. Mbolea ya dukani haihitajiki. Kazi yote iko kwenye kufukia, na ni kazi ya kuvunja nyonga. Chakula chake kinakuja mwaka unaofuata.

"Yule mwanamke alifukia lile shamba lote na dada zake wawili," akasema. "Alipomaliza ndipo mume akaleta mwingine. Huku mtu akitaka kumwacha mkewe, mara nyingi husubiri matuta yaishe."

Nilimuuliza kwa nini siku ile hakusema neno mahakamani.

"Taarifa ilikuwa ya serikali, ina mhuri. Nikajua mama ametazama ameona, akaamua hivyo. Na wewe hukuniuliza."

Binti yangu, ukiwa unasoma hadi hapa kutafuta utaratibu, utaratibu ni huu: mahali popote utakapopelekwa, muulize mtu wa hapo chakula cha mwaka ujao kiko wapi sasa hivi. Ziwani nilihesabu nyavu. Huku ningepaswa kuhesabu matuta, kila moja, na kumuuliza mwenye nyonga mbovu aliyatengeneza kwa siku ngapi. Yeye alikuwa amenijibu mbele ya mahakama nzima na mimi nikainua mabega.

Nilimtafuta Leokadia jioni ileile. Kosmas alikuwa amepeleka debe mara tatu kisha akaacha. Mbuzi walishauzwa. Mwezi wa pili wa mwaka huo, njaa ilipobana, Kosmas alimtumia salamu kwamba kuna kibarua cha kufukia kipande kipya, kwa sababu mke wa mjini hajui kazi hiyo. Leokadia alikwenda. Alikuwa anafukia majani ya mume aliyemwacha, analipwa debe la mahindi kila akimaliza kipande.

"Mama ustawi, ungefanyaje wewe?" aliniuliza. Nikamweleza kwamba amri ya matunzo inaweza kubadilishwa kama ilitolewa kwa taarifa isiyo sahihi, na kwamba nitaandika taarifa mpya. Alinishika mikono yote miwili. Alisema akipata chumba tu hatarudi tena kwenye lile shamba.

Taarifa niliiandika usiku uleule, kisha ikakaa kwenye droo yangu miezi miwili. Nasema wazi ili msije mkasema mahakama ndiyo iliyochelewesha. Niliona aibu. Ile ya kwanza ilikuwa na jina langu, hii nayo ilikuwa na jina langu, na moja ilimwita mwenzake mwongo. Nilipoipeleka hatimaye, hakimu alikuwa amehamishwa, mwingine hajafika, shauri likaahirishwa, likaahirishwa tena, mvua zikaanza. Lilisikilizwa mwezi wa tatu. Leokadia alifika na udongo kwenye kucha, kwa sababu alikuwa anafukia kipande cha pili.

Hakimu mpya alikuwa mama wa makamo, makini, anaandika kila neno. Nilifurahi nilipomwona. Nilisema moyoni, huyu ataelewa. Alisoma taarifa yangu yote, ulezi, vihenge, bati. Akamgeukia Kosmas.

"Mheshimiwa, sikatai," alisema Kosmas kwa adabu. "Lakini huyu mama mimi ndiye ninayemlisha mpaka leo. Anapata mahindi kwangu. Muulize mwenyewe."

"Ni kweli, mama?" hakimu akamuuliza Leokadia.

"Ni kweli, mheshimiwa. Nalima kwake."

"Na mahindi anakupa?"

"Ananipa."

Nilisimama bila kuitwa. Nikasema huo ni ujira wa kibarua, si matunzo, na kwamba mwanamke huyu ni mgonjwa wa nyonga na shamba lile lilitajirika kwa mgongo wake. Hakimu aliniacha nimalize. Kisha akafungua jalada, akaziweka taarifa zangu mbili sambamba mezani.

"Mama ustawi," akasema, "hii ya kwanza inasema mwanaume hana kitu. Ya pili inasema anacho. Zote ni mkono wako na mhuri wako. Niamini ipi?"

Nilisema ya pili. Akaniuliza ya kwanza niliiandikaje. Nikasema nilikosea. Akaandika hilo pia.

Uamuzi haukuchukua muda. Mahakama ilijiridhisha kwamba mleta maombi ana nguvu za kufanya kazi na anaifanya, kwamba ana njia ya kujipatia chakula, na kwamba mume aliyemwacha anaendelea kumpa nafaka kila mara. Taarifa za ofisi ya ustawi zinapingana, hivyo haziwezi kutegemewa. Kiwango hakitaongezwa. Na lile debe la kila mwezi likafutwa, ili mwanaume asilazimike kulipa mara mbili kwa mtu mmoja. Katika sheria nzima sijui kifungu kinachoweza kunionyesha alikosea wapi. Alitazama uwezo, akatazama mahitaji, akaandika alichokiona, kama nilivyofanya mimi.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi. Nilihesabu matuta ya watu wengi, nikabishana na mahakimu, nikawapatia wanawake wachache vyumba na wachache magunia. Wengi walipata sabuni. Mkiniuliza kama kazi hii ina faida, sitawadanganya, sijui. Nimestaafu nikiwa na jalada moja kichwani, na hilo halikubali kukabidhiwa pamoja na funguo.

Siku ile tulitoka nje pamoja, mimi na Leokadia, tukasimama chini ya paa la mahakama kwa sababu ya mvua. Kosmas alitoka, akatusalimu wote wawili vizuri kabisa, akamwambia Leokadia kwamba kesho wanaanza kile kipande cha juu ya kisima, awahi kabla majani hayajalowa sana. Akawasha pikipiki yake akaenda. Leokadia alikuwa anajifunga kitenge vizuri kiunoni. Hakulia. Aliniuliza kama mtu anayemuuliza daktari kipimo cha dawa.

"Kwa hiyo, mama, kesho niende au nisiende?"

Nilimuuliza nyumbani kuna nini cha kula. Akasema hakuna.

Nikamwambia aende.